Kupanda vireya Moshi na Arusha: mwongozo kamili, kuanzia maji hadi kipandikizi

Vireya ni vichaka vya maua, na tatu za kwanza nilizopanda Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro, zilikufa ndani ya miezi minne, na zilikufa zikiwa zimeshiba maji na samadi. Nilizichimbia mashimo kihambani (shamba la migomba la nyumbani) kama ninavyochimbia mgomba: shimo pana, debe la samadi ya ng'ombe, na majivu kidogo ya jikoni juu yake. Mama mkwe alipita, akayatazama majani yaliyolegea, akaniambia, "Mwanangu, hilo ua lina njaa, liongezee mbolea." Nikaongeza. Wiki iliyofuata niliushika mche mmoja shinani, nao ukang'oka bila kushika chochote. Mizizi ilikuwa imegeuka rojo la kahawia, linanuka kama maji ya kuoshea vyombo yaliyolala.

Sasa nina vyungu kumi na viwili vyenye afya, na kuna miezi ambayo vitatu au vinne huchanua kwa pamoja. Tofauti haikuletwa na dawa wala mbolea ya bei. Nilijifunza kwamba mmea huu hauishi kwenye udongo, nikaacha kuulazimisha.

Mmea wa mawinguni

Vireya ni kundi la rododendro za nchi za joto, jamii moja na erika zinazoota juu ya msitu wa Kilimanjaro. Aliyepanda mlima kwa njia ya Machame au Marangu ameziona erika: msitu mkubwa unapoanza kuisha, unaingia kwenye vichaka vyenye vijani vidogo kama sindano, matawi yananing'inia ndevu za kijivu, na ukungu unapita katikati yake. Rododendro ya asili, hata hivyo, Afrika haina hata moja. Vireya kwao ni milima ya Borneo, Guinea Mpya, Sumatra, Java, Sulawesi na Ufilipino, na kidogo huko Queensland, Australia. Kuna takriban aina 300. Jina alilitoa Carl Blume mwaka 1826 kwa kumuenzi mtaalamu wa Kifaransa Julien-Joseph Virey.

Kinachotuhusu zaidi ni namna zinavyoishi huko kwao. Nyingi hukaa juu ya miti, kwenye panda za matawi, mizizi ikiwa imejichimbia ndani ya kuvumwani na majani yaliyooza. Nyingine huota kwenye kingo za miamba na mahali ardhi ilipoporomoka. Mvua hunyesha mara kwa mara, lakini maji hayatuami. Yanapita, na hewa inapita nyuma yake. Mizizi yenyewe ni myembamba kama nywele za mtoto. Haina nguvu ya kupenya udongo mzito, na ikikosa hewa kwa siku chache inaoza. Nitakayoeleza kuanzia hapa yote yanatokana na hilo.

Anza na maji

Watu huanza kwa kuuliza udongo gani. Mimi nakuomba uanze na maji, hasa kama uko Arusha.

Maji ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi. Wenyeji wanalijua hilo kwa rangi ya meno. Pamoja na floraidi, mengi ya maji hayo yana umagadi. Vireya inataka pH kati ya 5 na 6, yaani upande wa tindikali. Ukiimwagilia maji yenye pH 8 kila siku, umagadi hujilimbikiza kwenye chungu na mmea hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo humo. Dalili yake huwezi kuikosea: jani jipya hutoka la manjano, huku mishipa yake ikibaki ya kijani kama ramani ya mito. Shemeji yangu wa Sakina alipoteza mmea mzuri kwa njia hiyo. Alikuwa anaumwagilia maji ya kisima kirefu, tena kwa upendo, asubuhi na jioni.

Nunua karatasi za kupimia pH kwenye duka la vifaa vya maabara au la dawa za mabwawa ya kuogelea. Pima maji yako. Yakiwa chini ya 7, hayana shida kubwa. Yakizidi hapo, una njia mbili.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni maji ya mvua. Bati la mita 4 kwa 5 likinyeshewa milimita 10 tu linakupa karibu lita 200. Vyungu kumi, kila kimoja kikipewa lita moja mara mbili kwa wiki, vitakwenda wiki kumi kwa maji hayo. Yahifadhi kwenye simtanki au pipa la plastiki. Tangi jipya la saruji liepuke, kwa sababu saruji hutoa chokaa na maji ya mvua yakikaa humo yanaharibika.

Ya pili ni kutia siki. Chukua ndoo ya lita 20, weka kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe, koroga, pima. Endelea kijiko kwa kijiko mpaka karatasi ionyeshe kati ya 5.5 na 6. Andika idadi ya vijiko, kwa kuwa itakuwa hiyo hiyo hadi maji yabadilike. Siki haiondoi floraidi wala chumvi nyingine. Inapunguza umagadi tu. Kwa hiyo kila msimu wa mvua viache vyungu vinyeshewe sawasawa mara mbili tatu ili chumvi zisombwe.

Sisi wa upande wa Kilimanjaro tuna bahati. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili, yanayotoka msituni kwa kawaida hayana umagadi mwingi, lakini yachote juu, kabla hayajapita kwenye mashamba na sehemu za kufulia.

Nyumba ya mizizi

Usitumie udongo wa kihambani, wa msituni, wala mweusi unaouzwa kwenye viroba. Mchanganyiko wangu ni huu: sehemu tatu za magome ya paini, sehemu mbili za kumbi za nazi, sehemu moja ya vijiwe vyepesi vya volkano.

Magome ya paini unayapata kwenye mashine za kupasulia mbao. West Kilimanjaro na Rongai kuna mashamba makubwa ya paini, na kwa Arusha kuna ya upande wa Meru. Omba magome, usiombe unga wa mbao. Unga hushikana na kuziba hewa. Yakatekate yawe na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, yalundike kivulini, yaloweshe na uyaache miezi mitatu au zaidi. Magome mabichi hula naitrojeni ya mmea yakiwa yanaoza.

Kumbi za nazi zinatoka pwani, na mara nyingi zina chumvi. Zikatekate, ziloweke usiku mzima, mwaga maji, rudia mara tatu. Usione uvivu hapa.

Vijiwe vya volkano ni vile vyekundu au vyeusi vyenye vitundu, vyepesi mkononi. Vichekeche kwenye wavu, vumbi litupe, vioshe. Ukikosa, tumia vipande vidogo vya tofali la kuchoma, ila lisiwe limegusana na saruji.

Majivu hayaingii humu, hata ya pumba za mpunga zilizoungua. Najua kihambani majivu ni baraka kwa migomba. Kwa vireya ni magadi tu.

Ukishachanganya, jaza chungu na umimine lita moja ya maji kwa mkupuo. Yanapaswa kutokea chini ndani ya sekunde chache. Yakisimama juu hata kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, chekecha upya, toa unga, ongeza vijiwe.

Chungu chenyewe kiwe na matundu mengi. Cha udongo wa kufinyanga ni kizuri kwa sababu kinapumua. Ndoo kuukuu ya plastiki inafaa pia: toboa matundu kumi na mbili chini na mengine manane kwenye ubavu, sentimita tatu kutoka chini. Kisiwe kikubwa. Chungu kikubwa kwa mche mdogo ni kinamasi, maana mchanganyiko ambao mizizi haijaufikia unabaki umelowa.

Kupata mche na kuchagua aina

Kwenye bustani za miche za Arusha na Moshi utakutana zaidi na azalea, ambazo ni ndugu wa vireya ndani ya rododendro. Zitambue: azalea nyingi zina majani madogo yenye vinyweleo, wakati vireya ina majani mazito, yanayong'aa, yaliyokaa kwa mizunguko kwenye tawi, na ukigeuza jani chini utaona vidoa vidogo vya kahawia kama vumbi la kakao. Vidoa hivyo ni magamba ya asili, wala si ugonjwa.

Ukiagiza mbegu au vipandikizi kutoka nje, kibali cha kuingiza mimea kitangulie. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ina makao makuu Ngaramtoni, hapa hapa Arusha. Waone kabla hujalipa, na muuzaji wako atoe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Na tafadhali using'oe chochote Hifadhi ya Kilimanjaro kwa kudhani erika ni mbadala. Ni kosa kisheria, na erika iliyotolewa kule juu haina maisha huku chini.

Aina gani? Hapa urefu kutoka usawa wa bahari ndio unaoamua. Moshi mjini, kwenye mita 800 hadi 900, Januari na Februari jua linachoma na usiku haupoi vya kutosha. Huko jaribu *Rhododendron zoelleri*, *R. javanicum* au *R. brookeanum*, ambazo kwao huteremka hadi sehemu zenye joto. Arusha mjini, karibu mita 1,400, na huku Kibosho, Machame, Marangu na Old Moshi, mlango uko wazi: *R. laetum* ya manjano, *R. macgregoriae* ya vishada vidogo, *R. jasminiflorum* nyeupe yenye harufu, na *R. konori* yenye maua meupe makubwa. Mahuluti mengi nayo yanafanya vizuri, tena kwa anayeanza ndiyo naona rahisi zaidi.

Nyeupe zina siri yake. Ukikaa barazani saa moja usiku, harufu inaanza kukujia taratibu, kwa sababu zinawaita nondo wa usiku. Zile nyekundu na za rangi ya chungwa nyingi hazinukii. Kwao huchavushwa na ndege, na kwangu chozi wameshazizoea.

Siku ya kupanda

Panda jioni au siku ya mawingu. Mwezi mzuri kwangu ni Novemba, vuli inapoanza, au mwishoni mwa Mei masika ikiwa imepungua.

Zamisha mche na kifuko chake kwenye maji mpaka mapovu yakome. Utoe. Ukikuta mizizi imezunguka kama kiota, ifungue kwa vidole. Ukikuta udongo mzito umeganda katikati, uoshe kwa maji taratibu. Watu huogopa hatua hii, lakini udongo ule ukiachwa unakuwa ama jiwe kavu ama tope ndani ya chungu kizuri.

Weka mchanganyiko chini, simamisha mche, jaza pembeni. Sehemu ya juu ya mizizi ilingane na uso wa mchanganyiko. Shina likifukiwa hata sentimita mbili, linaoza. Usishindilie. Gonga chungu chini mara tatu, mwagilia, ongeza palipozama. Mche ukiyumba, ufunge kwenye kijiti.

Ukitaka kupanda ardhini, usichimbe. Weka mawe ya volkano juu ya ardhi, halafu tuta la mchanganyiko ule ule la sentimita 40, na mmea juu yake. Unaweza pia kuufunga kwenye panda ya mti wa mruka au gogo linalooza, mizizi ikiwa imezungushiwa kumbi na kamba ya katani. Kwa macho yangu hakuna unavyopendeza kuliko hivyo, ila kiangazi utaumwagilia kila siku.

Jua, upepo na majira

Upande wa mashariki wa nyumba ni bora: jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha kivuli chepesi. Chini ya migomba ni giza mno na matone yake ni mazito. Chini ya mruka au mgrivilea panafaa. Mjini, tumia neti ya kivuli ya asilimia 50. Mmea wenye majani ya kijani kilichoiva usiotoa maua una kivuli kingi. Wenye majani yaliyopauka na madoa yaliyoungua una jua kali.

Machi hadi Mei hatari ni mvua ya mfululizo. Ninavisogeza vyungu upenuni na kuviinua juu ya matofali. Juni na Julai, ukungu ukilala mlimani siku nzima, kumwagilia mara moja kwa wiki kunatosha. Januari na Februari hufika kila siku mbili. Siku hizo ni za kukadiria tu. Mpimaji wa kweli ni mkono. Inua chungu mara baada ya kumwagilia, ukumbuke uzito wake. Kesho kutwa kiinue tena. Kikiwa chepesi kama nusu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Baada ya wiki tatu mkono utakuwa umejua.

Kulisha kidogo

Hakuna samadi mbichi, chokaa, wala mbolea ya mawe ya fosfeti. Na mbolea ya CAN, ambayo iko kila duka la pembejeo, ina chokaa ndani yake, kwa hiyo iache kwenye mahindi. Mimi natumia SA (salfeti ya amonia): kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kwenye lita 10 za maji, mara moja kwa mwezi, chungu kikiwa tayari kimelowa. Kila baada ya miezi mitatu natumia badala yake mbolea ya maji yenye virutubisho vyote pamoja na chuma na magnesi, nusu ya kipimo cha kwenye kopo. Juni na Julai silishi.

Unachoambiwa na majani

Jani limelegea na chungu ni chepesi: kiu, zamisha chungu kwenye ndoo kwa nusu saa. Jani limelegea na chungu ni kizito: mizizi inaoza, na hapa ndipo wengi huongeza maji na kuumaliza mmea. Utoe siku hiyo hiyo, kata mizizi yote ya kahawia iliyo laini hadi ufikie nyeupe, punguza majani nusu, panda kwenye chungu kidogo chenye mchanganyiko mpya, weka kivulini.

Ncha za majani zimeungua: chumvi, suuza kwa maji ya mvua. Machipukizi ya maua yanaanguka kabla ya kufunguka: mara nyingi ni ukame wa siku moja tu. Unga mweupe juu ya jani ni ubwiri unga. Ongeza nafasi kati ya vyungu. Unga wa rangi ya chungwa chini ya jani ni kutu. Wakulima wa kahawa wataufananisha na kutu yao, lakini si kimelea kile kile na haitahamia kwenye mibuni. Ng'oa majani yenye dalili, yachome. Vidukari na vidung'ata vioshe kwa maji ya sabuni ya mche, kijiko kimoja cha sabuni iliyokwanguliwa kwa lita moja, jioni.

Jambo jingine la kushika kabla hujashika mkasi: rododendro zina sumu kwa mifugo. Matawi uliyokata usiyaache karibu na banda. Huku kwetu, ambako majani yoyote yaliyolundikwa uani mtoto huyabeba kwenda kumpa mbuzi, ninayafukia siku hiyo hiyo.

Kukata na kuzalisha

Vireya ikiachwa hurefuka kama fimbo. Chipukizi jipya likitoka moja peke yake kwenye ncha, libane kwa kucha likiwa na urefu wa sentimita moja. Yatatoka mawili au matatu badala yake. Matawi marefu kata baada ya maua kunyauka, juu kidogo ya mzunguko wa majani.

Vipande ulivyokata ndivyo miche yako. Chagua tawi ambalo si laini tena lakini halijawa gumu kabisa, la sentimita 8 hadi 10. Bakiza majani matatu, kila moja likatwe nusu. Kwangua gome upande mmoja wa chini, urefu wa sentimita mbili, mpaka uone mti mweupe. Paka unga wa kuoteshea mizizi ukiupata. Chomeka kwenye mchanganyiko wa kumbi laini na vijiwe vidogo, mwagilia, kisha funika na chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa kimefungwa. Weka penye mwanga bila jua. Andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika, maana utaona ni muda mrefu kuliko ulivyo. Mizizi huchukua wiki sita hadi miezi minne. Usivute kujaribu. Kipandikizi kikitoa majani mapya, fungua kifuniko. Wiki moja baadaye ondoa chupa. Baada ya wiki nyingine hamishia kwenye chungu kisichozidi kikombe cha chai.

Mwaka jana mama mkwe alisimama mbele ya ile ya manjano ikiwa imechanua, akashika jani, akaligeuza, akaniomba kijiti chake. Nilimpa kilichokwisha shika, ndani ya kikapu cha kumbi, na tukakining'iniza pamoja kwenye tawi la mruka mbele ya mlango wake, juu, mahali ambapo majivu ya jikoni hayafiki.